Joto Lisilo na Majivu

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, chakula cha jioni huanza na hesabu ya kuni. Lita tano za maji yenye nyuzijoto 22 zinahitaji nishati ya megajuli moja na nusu hivi ili zichemke. Nakivale iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayo hutokota kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia kuiva. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Kwa hesabu ya karatasini, gramu 100 zingetosha. Lakini juu ya mafiga matatu joto jingi huchukuliwa na upepo na moshi, na sehemu moja kati ya nane au kumi ndiyo inayofika kwenye sufuria. Mama anachoma karibu kilo nzima kabla maji hayajachemka, na baada ya hapo bado kuna saa mbili au tatu za kuyaivisha maharagwe.

Ipo hesabu nyingine, na hiyo ndiyo iliyowakosesha usingizi wanasayansi wengi. Katika maji ya Ziwa Nakivale, kama katika maji mengine yote duniani, atomu moja ya hidrojeni kati ya 6,400 hivi ni nzito kuliko nyingine: kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja, badala ya protoni peke yake. Viini viwili vya hidrojeni hiyo nzito vikiungana kuwa kiini kimoja cha heliamu, nishati inayotoka ni mamilioni ya mara zaidi ya ile inayotolewa na moto wa aina yoyote. Hidrojeni nzito iliyomo katika matone mawili ya maji ya ziwa ingetosha kuchemsha lita zile tano.

Tatizo ni namna ya kuviunganisha viini hivyo. Ndani ya jua kazi ya kuunganisha viini hufanyika kwenye joto la nyuzi milioni 15. Tangu mwaka 1989 kundi dogo la wanasayansi limekuwa likidai kwamba inaweza kufanyika pia ndani ya kipande cha chuma, kwenye meza ya maabara, bila moto wa jua. Wenyewe wanaiita mimenyuko ya nyuklia ya nishati ndogo. Wanasema wamepima joto la ziada, na wameandika nadharia nyingi za kulieleza. Nadharia hizo zinafaa kufahamika hata na msomaji asiyeijua maabara, kwa sababu anayenunua makaa kwa kopo anahusika na kila habari ya joto la bei nafuu, iwe ya kweli au ya uongo.

Chombo cha kioo cha Utah

Tarehe 23 Machi 1989, mjini Salt Lake City, Marekani, wanakemia wawili walikutana na waandishi wa habari. Mmoja alikuwa Martin Fleischmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na mwingine Stanley Pons wa Chuo Kikuu cha Utah. Kifaa chao kilikuwa rahisi kukieleza: fimbo ya paladiamu na waya wa platinamu ndani ya maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake karibu yote ni ile nzito, yakiwa yametiwa lithiamu kidogo. Umeme ukipita, maji huchanganuka, oksijeni hutokea upande mmoja na hidrojeni nzito huingia ndani ya paladiamu. Chuma hicho kina uwezo wa ajabu wa kumeza hidrojeni, hadi mara 900 ya ujazo wake.

Wanakemia hao walisema chombo chao kilikuwa kikitoa joto lililozidi umeme uliotiwa, kwa kiasi ambacho kemia haiwezi kukieleza, hivyo lazima viini vilikuwa vikiungana humo. Serikali ya jimbo la Utah ilitenga dola milioni 5 kwa utafiti huo. Maabara za dunia nzima zilianza kutafuta paladiamu.

Mwaka huohuo mji wa Mbarara, ambao ni safari fupi kutoka Nakivale, ulipata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Nakivale yenyewe ilikuwa imeshakuwa kimbilio kwa miaka thelathini, tangu Watutsi waliokimbia Rwanda walipopokelewa huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo zaidi ya watu laki moja na nusu wanaishi humo, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na sokoni husikilizana kwa Kiswahili. Miti inayozunguka makazi hayo imepungua kadiri watu walivyoongezeka, na safari ya kutafuta kuni imekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji wa wilaya ya Isingiro. Habari ya joto lisilohitaji kuni ingekuwa habari kubwa huko kuliko hata Utah.

Lakini habari hiyo haikudumu. Ilipofika Mei 1989, wanafizikia waliokutana Baltimore walisikia ripoti baada ya ripoti za maabara zilizojaribu zikaambulia patupu, zikiwemo za Taasisi ya Teknolojia ya California na taasisi ya MIT. Kituo cha Harwell cha Uingereza nacho kilijaribu kwa miezi bila mafanikio. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa kwa fedha za Utah ilifungwa mwaka 1991.

Kupima joto si kazi ndogo

Kabla ya nadharia yoyote lipo swali moja: je, joto lenyewe lilikuwepo?

Wanaopima majiko nchini Uganda wanaijua vizuri kazi hii. Katika kituo cha CREEC cha Chuo Kikuu cha Makerere, jiko hupimwa kwa kuchemsha maji. Kuni hupimwa kwenye mizani kabla na baada, maji hupimwa kabla na baada, kipimajoto hutumbukizwa sufuriani, na makaa yaliyobaki nayo hupimwa. Mpimaji akisahau makaa yaliyobaki, jiko litaonekana baya kuliko lilivyo. Akisahau kwamba kuni zilikuwa na unyevu, hesabu nzima huharibika.

Chombo cha Utah kilihitaji uangalifu uleule, ila mitego yake ilikuwa imejificha zaidi. Umeme unapoyachanganua maji, sehemu ya nishati huondoka na gesi za hidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zikiungana tena ndani ya chombo bila mpimaji kujua, hutoa joto linaloonekana kama limetoka hewani. Kimiminika kisipokorogwa vizuri, upande mmoja huwa moto kuliko mwingine, na kipimajoto kilichowekwa upande wa moto hudanganya. Hii ndiyo hoja aliyoisisitiza Nathan Lewis wa Taasisi ya Teknolojia ya California. Paladiamu nayo hutoa joto inapomeza hidrojeni. Chombo kinaweza kuvuta nishati kidogokidogo kwa siku nyingi, kisha kikaitoa kwa saa chache, na atakayepima zile saa chache peke yake atashangilia bure.

Kisa cha taasisi ya Georgia Tech kinaonyesha jinsi kosa linavyoweza kuingia. Aprili 1989 watafiti wake walitangaza kwamba wameziona nyutroni, ushahidi wa kweli wa nyuklia. Siku chache baadaye walifuta tangazo lao wenyewe. Walikuwa wamegundua kwamba kifaa chao cha kuhesabia nyutroni kilikuwa kikiathiriwa na joto: kikipashwa moto kidogo, kilihesabu nyutroni ambazo hazikuwepo.

Kipo kipimo kimoja kinachokata mzizi wa fitina. Gramu moja ya hidrojeni ikiungua hutoa kilojuli 142 basi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya kuchemsha lita tano za maji. Kifaa kilichofungwa, chenye gramu moja ya hidrojeni na gramu chache za chuma, kikiweza kuchemsha sufuria mia moja mfululizo bila kuongezewa nishati inayotosha kazi hiyo, hakuna mwanakemia atakayeweza kulieleza joto hilo kwa kemia. Mpaka sasa hakuna kifaa kilichofanya hivyo mbele ya wapimaji huru.

Maswali matatu ya Huizenga

Mwishoni mwa 1989 Wizara ya Nishati ya Marekani ilipokea ripoti ya jopo ambalo mmoja wa wenyeviti wake alikuwa John Huizenga, mkemia wa nyuklia wa Chuo Kikuu cha Rochester. Huizenga alisema kwamba kuuamini muungano baridi, yaani muungano wa viini usiohitaji joto la jua, ni kukubali miujiza mitatu kwa mpigo. Miujiza hiyo ndiyo maswali ambayo kila nadharia imelazimika kuyajibu hadi leo.

La kwanza: viini vinakaribianaje? Kila kiini kina chaji chanya, na chaji za namna moja hufukuzana. Kwenye joto la kawaida la chumba, nishati ya atomu ni ndogo mamilioni ya mara kuliko ile inayohitajika kuuvuka ukuta huo. Fizikia ya kwanta inaruhusu viini kupenya ukuta bila kuuvuka, lakini mara chache mno. Mwaka 1989 Steven Koonin na Michael Nauenberg walikokotoa uwezekano wa viini viwili vya hidrojeni nzito kuungana ndani ya molekuli yao katika sekunde moja. Jibu lao lina sifuri 63 baada ya nukta kabla ya kufika tarakimu 3.

La pili: muungano unachagua njia gani? Katika majaribio yote ya kawaida, viini viwili vya hidrojeni nzito vikiungana, karibu nusu ya mara hutoka nyutroni pamoja na heliamu nyepesi, na karibu nusu nyingine hutoka protoni pamoja na tritiamu. Heliamu ya kawaida hutokea mara moja hivi katika milioni, nayo huambatana na mwali mkali wa gama. Waliodai joto la ziada walidai pia kwamba ndani ya chuma mambo hugeuka, heliamu inatawala na nyutroni zinatoweka.

La tatu: mionzi iko wapi? Wati moja ya joto kutokana na muungano wa kawaida ingemaanisha karibu nyutroni trilioni moja kila sekunde. Mtafiti aliyesimama kando ya chombo cha wati kadhaa bila kinga angeugua vibaya, pengine kufa. Fleischmann na Pons walikuwa wazima wa afya.

Wananadharia wanavyojibu

Jibu la kwanza linatoka kwa elektroni. Ndani ya chuma, elektroni huzunguka kwa wingi na zina chaji hasi, hivyo hufunika kiasi fulani chaji chanya za viini na kuupunguza ukuta. Nadharia hii ina ushahidi. Konrad Czerski na wenzake waliokuwa Berlin, na Claus Rolfs na kundi lake, walirusha viini vya hidrojeni nzito kwenye vyuma kwa mashine za kuongeza kasi, wakaona miungano mingi kuliko ilivyotarajiwa, hasa nishati ya kurushia ilipopunguzwa. Chuma kinasaidia, hilo halina ubishi. Lakini msaada uliopimwa bado hautoshi kuzalisha hata wati moja kwenye joto la chumba, na haujibu swali la pili wala la tatu.

Koonin na Nauenberg walionyesha pia kwamba kama elektroni ingekuwa na uzito mara tano hadi kumi ya uzito wake, miungano ingekaribia ile iliyodaiwa. Kwa mwanafizikia hilo halikuwa jambo la kubuni. Ipo chembe inayoitwa muoni, inayofanana na elektroni ila ni nzito mara 207. Ikichukua nafasi ya elektroni katika molekuli ya hidrojeni, huvuta viini karibu hadi vikaungana bila joto lolote kubwa. Luis Alvarez na wenzake waliliona tukio hilo Berkeley mwaka 1956. Huo ndio muungano baridi usio na ubishi. Kasoro yake ni kwamba muoni huishi sehemu mbili za milioni za sekunde tu, na kuitengeneza hugharimu nishati nyingi kuliko inayopatikana. Bidhaa zake pia ni zilezile za kawaida, nyutroni zikiwemo.

Jibu la pili linautazama mpangilio wa atomu ndani ya chuma. Julian Schwinger, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1965, aliamini kwamba wanafizikia walikosea kuuchukulia muungano ndani ya chuma kama muungano ndani ya ombwe. Alisema nishati inaweza kupokewa na kimiani chote cha atomu kwa pamoja badala ya kutoka kama mwali mmoja wa gama. Makala yake yalipokataliwa, alijiuzulu kutoka Chama cha Wanafizikia cha Marekani. Peter Hagelstein wa MIT ameiendeleza fikra hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Katika nadharia yake, nishati ya muungano mmoja hugawanywa katika mamia ya mamilioni ya mitikisiko midogo ya atomu za chuma, na hapo huonekana kama joto la kawaida. Hesabu zake ni za kina. Kikwazo ni kasi: kiini hufanya mambo yake kwa muda mfupi mno, ilhali mitikisiko ya atomu ni ya polepole, na hakuna jaribio lililoonyesha waziwazi nishati kubwa namna hiyo ikigawanywa vipande vidogo namna hiyo.

Wapo waliofikiria viini vingi kwa pamoja. Akito Takahashi wa Japani alipendekeza kwamba viini vinne vya hidrojeni nzito hukutana katika umbo lenye pembe nne zilizo sawa, vikaungana kuwa beriliamu isiyo imara, ambayo hugawanyika mara moja kuwa heliamu mbili. Hapo gama haihitajiki. Yeong Kim wa Chuo Kikuu cha Purdue alifikiria viini vikiwa katika hali moja ya kwanta, vikitenda kama kundi. Lakini heliamu zinazoruka kwa kasi aliyoitaja Takahashi zingegonga hidrojeni iliyo karibu na kuzalisha nyutroni zinazopimika, na nyutroni hizo hazionekani kwa wingi unaotakiwa.

Nadharia iliyosikika zaidi nje ya maabara ni ya Allan Widom na Lewis Larsen, iliyochapishwa mwaka 2006. Wao waliuacha kabisa muungano. Walisema elektroni kwenye uso wa chuma huwa nzito kwa nguvu ya uga wa umeme ulio pale, kisha humezwa na protoni, na hapo huzaliwa nyutroni yenye mwendo mdogo sana. Nyutroni haina chaji, hivyo huingia ndani ya kiini chochote cha jirani bila kizuizi. Ukuta wa chaji unakuwa haupo tena. Uzuri wa nadharia hii ni huo, na ugumu wake ni bei: ili protoni na elektroni zizae nyutroni, zinahitaji nyongeza ya elektronivolti 780,000 hivi, wakati nishati ya kawaida ya atomu kwenye chumba ni sehemu ndogo tu ya elektronivolti moja. Aidha, kiini kinachomeza nyutroni kwa kawaida hutoa gama. Widom na Larsen walisema elektroni nzito huzinyonya gama hizo, jambo ambalo lingepaswa kuwa rahisi kupimwa na halijathibitishwa.

Randell Mills wa Marekani alikwenda mbali zaidi. Tangu 1991 amedai kwamba atomu ya hidrojeni inaweza kushuka chini ya ngazi yake ya mwisho ya nishati na kutoa joto bila nyuklia kuhusika. Dai hilo linapingana na fizikia ya kwanta yenyewe, ambayo imepimwa katika hidrojeni kwa usahihi wa tarakimu nyingi mno.

Nikeli na hidrojeni ya kawaida

Maji mazito ni ghali, na paladiamu ni ghali zaidi. Ndiyo maana dai la Francesco Piantelli na Sergio Focardi wa Italia liliwavutia wengi mwaka 1994. Walisema nikeli iliyopashwa moto ndani ya hidrojeni ya kawaida ilitoa joto la ziada kwa wiki kadhaa. Miaka miwili baadaye kundi la watafiti waliohusiana na kituo cha CERN lilichapisha matokeo ya kurudia jaribio hilo. Nalo liliona kipimajoto kikipanda baada ya nikeli kumeza hidrojeni, umeme ukiwa uleule. Lakini lilipopima joto lililokuwa likitoka, halikupata ongezeko lolote. Kupanda kwa nyuzijoto mahali pamoja hakukumaanisha kuwa nishati mpya imezaliwa.

Mwaka 2011 Andrea Rossi alionyesha mjini Bologna kifaa cha nikeli na hidrojeni alichokiita E-Cat. Baadaye aliishtaki kampuni ya Industrial Heat ya Marekani iliyokuwa imewekeza kwake, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2017. Kifaa chake hakijapata uthibitisho huru unaokubaliwa na wanafizikia.

Kwa mwananadharia, hidrojeni ya kawaida ni mtihani mkubwa kuliko ile nzito. Protoni mbili haziwezi kuungana mpaka moja igeuke kuwa nyutroni papo hapo, na mabadiliko hayo ni adimu kiasi kwamba protoni katikati ya jua husubiri, kwa wastani, mabilioni ya miaka. Na protoni ikitaka kuingia kwenye nikeli, inakabiliana na kiini chenye protoni 28.

Oklo na Kitagata

Wakosoaji wa muungano baridi huambiwa mara nyingi kwamba wanakataa mambo mapya. Historia ya Oklo, nchini Gabon, inaonyesha kwamba sayansi hukubali jambo la ajabu likija na ushahidi wake.

Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa walipima urani iliyochimbwa Oklo wakakuta kasoro ndogo. Urani ya aina ya 235, ambayo kila mahali ni asilimia 0.720 ya urani yote, hapo ilikuwa asilimia 0.717. Wangeweza kuipuuza. Walifuatilia, wakakuta sehemu zenye upungufu mkubwa zaidi, pamoja na mabaki mengine ambayo huachwa tu na viini vinavyopasuka. Hitimisho lilikuwa kwamba miaka karibu bilioni mbili iliyopita miamba ya Gabon ilikuwa tanuri la nyuklia la asili, lililowashwa na maji ya ardhini. Paul Kuroda alikuwa ameonyesha uwezekano huo mwaka 1956, akapuuzwa na wengi. Majivu yalipopatikana, na yakalingana na nadharia, mjadala uliisha.

Karibu na Mbarara nako lipo joto la nyuklia, na watu huoga ndani yake. Kwenye chemchemi za Kitagata, wilayani Sheema, maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na wagonjwa wa viungo hukaa humo wakitafuta nafuu. Maji hayo hupashwa moto na joto la ndani ya dunia, ambalo sehemu yake hutokana na urani, thoriamu na potasiamu zinazooza polepole ndani ya miamba. Wanasayansi hawakuishia kukisia. Kituo cha KamLAND cha Japani kilizihesabu nyutrino zinazotoka ardhini, na mwaka 2011 kikaripoti kwamba karibu nusu ya joto la dunia hutokana na uozo huo.

Joto la ziada la chuma na hidrojeni halijaleta majivu ya namna hiyo. Melvin Miles, aliyekuwa mkemia wa jeshi la majini la Marekani, aliripoti heliamu iliyoongezeka sambamba na joto, na watetezi huutaja utafiti wake kama ushahidi wao bora. Lakini hewa ya kawaida ina heliamu, na ufa mdogo wa chombo unatosha kuleta heliamu nyingi kuliko ile inayotafutwa. Kipimo hicho kinahitaji kurudiwa na maabara nyingi zisizo na uhusiano, zikapata uwiano uleule wa heliamu na joto.

Walipofika leo

Utafiti haukufa. Mwaka 2015 Google ilianza kugharimia kundi la watafiti wapatao 30 kwa dola milioni 10 hivi. Walijaribu paladiamu, nikeli na njia nyingine, na mwaka 2019 wakaandika katika jarida la Nature kwamba hawakupata dalili ya muungano baridi. Hata hivyo waliacha vifaa bora vya kupimia joto na njia bora za kuijaza paladiamu hidrojeni. Mwaka 2020 watafiti wa NASA walionyesha miungano ndani ya chuma kilichojazwa hidrojeni nzito, ila walihitaji miale yenye nguvu kuichochea. Mwaka 2023 wakala wa utafiti wa nishati wa Marekani, ARPA-E, ulitoa dola milioni 10 kwa miradi minane, ili swali hili lipate jibu badala ya kuning'inia.

Mwaka 2025 Curtis Berlinguette na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo madogo yaliyo thabiti. Walirusha viini vya hidrojeni nzito kwenye paladiamu huku upande wa pili wakiijaza hidrojeni kwa umeme, kama walivyofanya Fleischmann na Pons. Miungano iliongezeka kwa asilimia 15, nao waliihesabu kwa nyutroni badala ya joto. Kifaa kilikula wati 15 kikatoa nishati ya sehemu moja ya bilioni ya wati. Kwa kasi hiyo lita tano za maji zingehitaji karibu miaka milioni hamsini kuchemka. Kwa mwanasayansi, hata hivyo, hapo pana kitu cha kushika: kipimo kinachoweza kurudiwa, na athari ya kemia kwenye nyuklia iliyoonekana bila kificho.

Nakivale haiwezi kuisubiri nishati hiyo. Jiko la udongo lililojengwa vizuri hupunguza kuni kwa kiasi kinachoonekana ndani ya wiki moja, na jiko la umeme la kupikia kwa shinikizo la mvuke huivisha maharagwe kwa nishati kidogo sana pale umeme unapofika. Viwanda vya maziwa vya Mbarara, ambavyo huhitaji joto mchana na usiku, vinaweza kuanza kwa kuziba mahali joto linapovuja.

Ila maarifa yaliyozaliwa na mjadala huu yana kazi hapahapa. Uganda ilipitisha Sheria ya Nishati ya Atomu mwaka 2008, na inaandaa eneo la Buyende kwa kituo cha nyuklia. Kituo hicho kitahitaji watu wanaojua kuhesabu nyutroni, kupima joto bila kujidanganya, na kufahamu hidrojeni inachofanya ndani ya chuma, kwani hidrojeni hiyohiyo inaweza kukifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika. Binti wa Isingiro au kijana wa Kongo aliyekulia Nakivale, akiyasoma hayo Mbarara, atakuwa na kazi Buyende. Na maabara fulani ikitangaza tena joto la ziada, ataweza kuomba vipimo vyake na kuvipitia mwenyewe, mstari kwa mstari.